Maoni Yangu Kuhusu Gemu Ambazo Sikuwahi Kuzicheza

Nitawataja wote waliokuwepo, ili baadaye asitokee mtu wa kuongeza chumvi. Alikuwepo Ami Shee, ndugu wa baba yangu, aliyefika asubuhi ile kwa boti kutoka Kiunga. Alikuwepo Mwalimu Kioko wa shule ya msingi, mtu wa bara, na wanafunzi wake kumi na wawili wa darasa la sita, kila mmoja na daftari. Alikuwepo Famau wa bodaboda, mchezaji bora wa gemu hapa Kizingitini na mwenye mdomo mrefu kuliko wachezaji wote. Alikuwepo Bi Esha, jirani yetu, kwenye dirisha lake linalotazama baraza yetu (atakwambia alikuwa akianika kanga, lakini kanga moja haianikwi saa nzima). Alikuwepo dada yangu mdogo, Mwanaidi, nyuma ya pazia, akiwa ameapishwa asitoe sauti. Na nilikuwepo mimi, Lali, ndani ya kanzu yangu ya Idi, na aibu niliyoipata siku ile ni ya kiasi kwamba mpaka leo nikitaka kwenda dukani huzunguka ndia ya nyuma nisipite mbele ya shule.

Sasa niwaeleze ilivyokuwa, na mkicheka chekeni, nimeshazoea.

Sisi ni watatu. Baba alitangulia, mama akamfuata kabla mwaka wa pili haujaisha, na mimi ndiye mkubwa, kwa hiyo nikaacha shule nikiwa darasa la saba. Shuleni nilitoka na kitu kimoja tu, nacho ni mwandiko. Nina mwandiko mzuri, hilo siwezi kulificha, baba alikuwa akiwaonyesha wageni madaftari yangu kama mtu anayeonyesha samaki mkubwa. Nikaenda kuzamia kamba, wale wakubwa wa miambani, nikazamia mpaka sikio la kushoto likapasuka, na nilipoambiwa nisizame tena nikauza mashine ya boti ya baba nikanunua runinga na mashine ya gemu, nikaviweka ukumbini kwetu, na nyuma nikaweka karai ya viazi. Vijana wanacheza mbele, wanakula viazi, tunaishi. Bakari, wa pili wetu, yuko Lamu anasoma bweni. Mwanaidi, kitinda mimba, ana miaka kumi na mmoja na ndiye anayekaa nami.

Mama alipokuwa mgonjwa hakunipa wasia mrefu. Alisema, "Lali, usiwatenganishe." Basi. Bakari kwenda bweni nilijipa hoja kuwa si kutengana, maana hurudi likizo.

Na kadi zilianzaje? Zilianza kwa ugomvi. Vijana walikuwa wakifika wanachagua diski kwa picha ya juu, wakicheza kidogo wanasema hii mbaya, tuwekee nyingine, na mimi mikono ina unga wa viazi, natoka jikoni naingia, natoka naingia. Mwanaidi ndiye aliyesema, "Kaka, ziandikie maneno, kila mtu ajue anachochukua." Nikamwambia sizijui. Akasema yeye atazijua.

Hivyo ikawa kila Jumamosi na Jumapili asubuhi, akisharudi chuoni kusoma Kurani na kabla sijaanza kupokea wateja, Mwanaidi hukaa peke yake ukumbini na diski moja, mimi niko kwenye karai, na akishaamua hunipigia kelele maoni yake, nami nafuta mikono nayaandika kwa kalamu nene kwenye kipande cha boksi la biskuti. Sikubadilisha neno. Zilikuwa fupi kwa sababu kipande cha boksi ni kifupi, na kwa sababu mafuta hayangoji.

Ya mpira ilisema: "Nzuri kwa anayeshinda. Anayefungwa husema mwamuzi mwizi. Ndugu waliokosana wasiicheze." Ya kupigana: "Hawasemi wamegombania nini. Vidole vinachoka, halafu na moyo." Ya shamba: "Mvua inanyesha ukiitaka. Mkulima wa Chundwa akiiona atalia." Ya kuzama baharini: "Samaki wazuri, lakini aliyeitengeneza hajawahi kuzama. Pumzi haiishi, na masikio hayaumi." (Hiyo watu waliisoma wakaniangalia sikio, wakasema kweli, Lali anajua.) Ya magari: "Barabara ni pana na hakuna punda hata mmoja. Sikuelewa wanakimbilia wapi. Nyimbo zake nzuri." Ya wafu wanaotembea, ile ambayo vijana huipenda kwa sababu ya damu, ilikuwa na maneno machache: "Maiti wanainuka. Maiti hawainuki. Siiamini."

Na kulikuwa na moja ambayo hakuna aliyeichukua, ya watoto wawili wanaovuka nchi iliyojaa maji kwenda kwenye mnara wa taa. Kadi yake ilisema: "Ni ya watu wawili. Sijaimaliza. Nangoja."

Niliiandika hiyo kwa mkono wangu mwenyewe, na herufi zake nilizipamba, na wala sikuisikia. Mtaona.

Basi kadi zikapata jina. Vijana walikuja kuzisoma hata wasiocheza. Siku moja akaja Mwalimu Kioko kununua viazi, akasimama mbele ya ukuta akasoma kadi zote, viazi vikapoa mkononi. Akaniuliza, "Lali, ni wewe uliyeandika hizi?"

Hapo ndipo ilipokuwa ndia panda. Mwandiko ulikuwa wangu, kwa hiyo nikijibu ndiyo sikuwa nimesema uongo mtupu, na tena mwalimu mzima alikuwa amesimama kwangu akiniangalia vile ambavyo hakuna mwalimu aliyeniangalia tangu nilipoondoka shule na sare yangu kwenye mfuko wa plastiki. Nikasema, "Ni mimi."

Mwalimu akasema ana darasa la watoto ambao hawataki kuandika maoni yao hata kwa fimbo, na angependa awalete wasikie kwangu namna ya kusema jambo kwa maneno machache. Nikasema karibu. Ningesema nini?

Wiki ile ile akapiga simu Ami Shee. Lazima niwaeleze Ami Shee. Ananunua kamba kule Kiunga, na ni mtu wa msimamo mpaka wazamiaji humkimbia: kamba akiwa mdogo kuliko kipimo, au akiwa na mayai, Ami hamchukui, na aliyemleta humtuma akamrudishe mahali alipomtoa. Baada ya baba yeye ndiye wali wetu, msimamizi wetu kisheria ya dini, na hajatutupa hata siku moja, mchele wa Ramadhani huja kwa boti kabla hatujauliza. Sasa habari zilikuwa zimemfikia kwamba nyumba ya ndugu yake imekuwa uwanja, vijana wanaingia na kutoka wakipiga kelele, na ndani mna mtoto wa kike anayekua. Hakusema kwa ubaya. Alisema kwa upole, na upole ule ndio ulioniumiza. "Jumamosi naja kumtukua Mwanaidi. Atakaa na mke wangu, atasoma huku. Mtilie nguo zake kwenye mkoba."

Nilikaa na simu mkononi mpaka viazi vikaungua. Ami alikuwa na haki yake, na maneno yake hayakuwa na kosa. Lakini Mwanaidi akiondoka, mimi ninarudi kwenye nyumba ya vyumba vitatu na karai moja, na wasia wa mama nitauweka wapi?

Ndipo nikapata akili (naiita akili kwa sababu sijapata jina jingine). Nikamwambia Mwalimu Kioko awalete wanafunzi Jumamosi hiyo hiyo. Ami atashuka botini, atakuta mwalimu, madaftari, watoto wameketi kwa adabu, na mwana wa ndugu yake anafundisha. Ataona nyumba hii ni nyumba ya elimu. Jambo moja tu asilijue, kwamba Mwanaidi hushika padi, kile kidude cha vitufe cha kuchezea, kwa sababu hilo ndilo lililokuwa likimtia hofu.

Nikamwambia Mwanaidi akae nyuma ya pazia na asiseme neno. Akauliza, "Na wakitaka kuona inavyochezwa, nani atawaonyesha?"

Nikasema, "Mimi."

Akanitazama kama mtu anavyomtazama punda aliyetangaza kwamba atakwea mnazi.

Jumamosi ikafika. Ukumbi ni mdogo, kwa hiyo nikaitoa runinga nje barazani, nikaziangika kadi kwenye kamba ya nguo kwa vibanio, nikavaa kanzu. Famau nilimwita anisaidie kuunga nyaya. Ami akaja, akakaa kwenye kiti nilichomwekea, bakora magotini, na karibu na mlango ukawa umesimama mkoba wa Mwanaidi, ule wa maua, umefungwa zipu. Boti ilikuwa ikingoja maji yajae, adhuhuri. Kila nilipozungumza jicho langu lilikuwa linaenda kwenye mkoba ule.

Mwanzo nilifanya vizuri, wallahi. Nilisoma kadi moja moja, watoto wakacheka pahali pa kucheka, ile ya shamba Bi Esha aliicheka mpaka akashika dirisha, na nikamwona Ami akitabasamu kidogo upande mmoja. Ningekaa hapo ingetosha. Lakini mtoto mmoja wa kike mwenye miwani akainua mkono akauliza kama hizi gemu zote nimezicheza.

Nikasema, "Zote. Mpaka mwisho. Mimi sitoi maoni juu ya kitu ambacho sijakifikisha mwisho."

Nyuma ya pazia mtu akakohoa.

Mwalimu akafurahi, akasema basi niwaonyeshe kidogo, watoto waone na waandike. Famau akanipa padi, huku akiniangalia kwa jicho la mtu anayejua kitu (amecheza kwangu miaka mitatu na hajawahi kuniona hata nikiigusa ila kuipangusa mafuta). Nikachagua magari. Nilijiambia, mimi nimeendesha boti tangu nina miaka kumi na miwili, nimepita kwenye mwamba na mkondo, gari litanishinda nini?

Nikaishika padi kama tunavyomshika kamba, kiganja mgongoni, mkia unitazame mimi. Waya nikauchukulia ndio mkia. Kwa maneno mengine niliishika juu chini, waya unanigusa tumboni, mbele ya kadamnasi.

Sasa sikilizeni maajabu. Anayeendesha boti ya mashine ndogo hushika mkono wa mashine kule nyuma, na akitaka boti iende kulia husukuma ule mkono kushoto. Mwili wangu haujui namna nyingine. Kona ilipokuja ya kulia nikasukuma kushoto, na kwa kuwa padi yenyewe ilikuwa imegeuka, gari likaenda kulia, sawasawa kabisa. Makosa mawili yakakutana yakasameheana. Kidole kilikuwa kimeangukia kitufe cha mwendo kwa bahati, sikukiinua. Nikakata kona ya kwanza, ya pili, nikampita mtu, watoto wakapiga makofi, Mwalimu akasema, "Mnaona?" Ami akainama mbele kwenye kiti chake. Famau alikuwa amefungua mdomo na hakuna kilichotoka, na hilo wenyeji watawaambia si jambo la kila siku.

Kwa muda ule mfupi niliamini. Niliamini kwamba kweli nimezicheza zote mpaka mwisho.

Ni Famau aliyeniua, na aliniua kwa wema. Akaja akasema, "Lali, umeishika juu chini ndugu yangu. Ikiwa hivyo waenda hivi, ukiishika sawa si utaruka?" Akaichukua, akaigeuza, akanirudishia.

Kona iliyofuata nikasukuma kushoto, gari likaenda kushoto, ukutani. Nikasukuma tena kwa nguvu zaidi, kama mtu anayekwepa mwamba, likazidi kuukumbatia ukuta. Nikarudi nyuma, nikageuka, nikaanza kwenda, na magari yote yakawa yananijia usoni. Bi Esha akauliza kutoka dirishani, "Lali, mbona wenzako wote wanarudi?"

"Napima barabara," nikasema.

"Kulia ni kulia, Kaka," ikasema sauti nyuma ya pazia, taratibu.

Nikakohoa. Nikagonga tena.

"Wacha kusukuma kama mashine ya boti. Inua kidole. Kaka, inua kidole."

Watoto kumi na wawili wakageuza vichwa kutazama pazia. Ami naye akageuka. Na mimi jasho limeshalowesha mgongo wa kanzu, nikaanza kubonyeza vitufe vyote vilivyokuwa vimenitazama, nikitaka tu gari lile liondoke mbele ya macho ya watu, na kweli likaondoka, kikaja kibao cheusi, nikabonyeza, kikaja kingine, chenye maneno marefu ya Kiingereza na majibu mawili chini yake, moja kulia na moja kushoto.

Famau akasema haraka, "Usiguse. Lali, hapo usiguse chochote."

Ningeweza kumpa padi. Ningeweza kusema, Mwalimu, Kiingereza hiki kimenizidi, niliishia darasa la saba. Lakini Ami alikuwa akitazama, na mkoba uko mlangoni, nikaona mtu mwenye nyumba hawezi kuogopa kibao ndani ya nyumba yake. Nikajibu ndiyo. Kikauliza tena, kama vile kinanipa nafasi ya kutubu, nikajibu ndiyo tena.

Kioo kikazima, kikawaka upya, cheupe, kama siku tulipoitoa mashine kwenye boksi.

Famau akakaa chini. Akasema polepole kwamba vikombe vyake vyote vilikuwa humo, misimu yake yote. Halafu nyuma ya pazia ikatoka sauti ndogo sana, ambayo haikuwa ya kulia, ilikuwa kama ya mtu aliyebeba maji kutoka mbali na mtungi umemponyoka mlangoni. Pazia likafunguka. Mwanaidi akatoka akapita katikati ya watu wote, buibui lake limekaa upande, akachukua padi mikononi mwangu, akabonyeza mara mbili tatu kwa vidole vyepesi, akaangalia, akaiweka chini.

"Imefutika," akasema. "Yote."

Hakuna aliyecheka. Hata mimi nilikuwa nikitamani wangecheka.

Ami Shee akainuka. Nilifikiri anakwenda kuuchukua mkoba, lakini alikwenda kwenye kamba ya kadi, akazisoma upya moja moja, mikono nyuma, kama anavyotazama kamba kwenye tenga. Akaitoa moja kwenye kibanio.

"Umesema umezifikisha zote mwisho," akaniambia. "Hii yasema, 'Ni ya watu wawili. Sijaimaliza. Nangoja.' Ni nani anayengoja?"

Nikaitazama kadi ile, mwandiko wangu, herufi nilizozipamba, na ndipo nilipoisoma kwa mara ya kwanza.

"Ni mimi, Ami," akasema Mwanaidi.

Ami akamwita, "Ndoo hapa, mwanangu." Akamkalisha kwenye kiti chake, yeye akabaki amesimama. Akamwambia aseme.

Mwanaidi akasema, akiangalia vidole vyake vya miguu, kwamba katika gemu ile kuna mtoto mdogo na kaka yake, na yeye amewaendesha wote wawili kwa padi mbili, moja mkononi na moja magotini, mpaka mlango wa mwisho wa mnara. Mlango ule hausukumwi na mmoja. Wakati ule ule wawili wasukume, na padi ya magotini haiwezi. "Nikamwambia Kaka aje. Akasema kesho, ana viazi. Basi nikawaacha pale mlangoni. Tangu likizo ya mwaka jana. Kila Jumamosi nawasha nawaona wamesimama, nazima." Akainua kichwa. "Si makosa yake, Ami. Viazi ni kweli."

Nawaambia, aibu ya gari niliisahau hapo hapo. Ile ilikuwa aibu ya ngozi. Hii ilikuwa nyingine. Kijana mzima nilijisifu mbele ya watu kwa maneno ya dada yangu, na neno moja alilokuwa akiniambia mimi ndilo nililoliandika, nikalipamba, nikaliangika ukutani walisome wengine.

Ami akaitoa na kadi ya wafu. Hiyo hakuisoma kwa sauti. Aliishika muda mrefu. Yeye ndiye aliyeingia kaburini kumpokea baba, na mwaka uliofuata akaingia kumpokea mama, na siku zote mbili Mwanaidi alikuwa mdogo, alikuwa akimuuliza kila mtu watarudi lini.

"Na hii ni yako?"

Mwanaidi akaitika kwa kichwa.

Ami akavua kofia, akajipangusa uso wote kwa kiganja, akaivaa tena. Kisha akanigeukia, nami nikainamisha kichwa nipokee.

"Lali. Nimeambiwa mtoto huyu anaharibika."

Nikasema, "Ami, kosa ni langu. Kadi ni zake zote. Mimi nimeandika tu."

"Hilo tumeliona kwa mato yetu, hata gari limeliona," akasema, na Bi Esha dirishani akaziba mdomo kwa ile kanga yake moja. Halafu Ami akatazama baharini, kule boti ilikoegeshwa, maji yalikuwa yamekaribia kujaa. Akasema, si kwangu hasa, "Wazamiaji nawarudisha kila siku kwa hili. Mdogo hatolewi pangoni mwake." Akauchukua mkoba wa maua. Akapita nao karibu nami, akainua pazia, akauingiza ndani.

Aliporudi alikuwa Ami Shee yule yule wa msimamo. Pazia liondoke uwekwe mlango wa mbao wenye komeo. Vijana wasipite ukumbini baada ya alasiri. Mwanaidi acheze wakati wake na mlango umefungwa, na kadi ziandikwe jina lake. "Na hiyo ya watu wawili uimalize naye. Si kesho. Nikija Mfungo Tatu kwa Maulidi nitamuuliza yeye, sitakuuliza wewe."

Nikasema inshallah. Akasema inshallah ya mtu wa viazi anaijua.

Mwalimu Kioko akawaambia wanafunzi waandike: maoni lazima yawe na mwenyewe. Wakaandika. Yule wa miwani akamsogelea Mwanaidi akamuuliza kama ile ya shamba ni nzuri kweli, na Mwanaidi akamwambia ni nzuri siku ya kwanza. Mimi Mwalimu alinipa mkono alipokuwa akiondoka, akasema, "Mwandiko ni mzuri, Lali. Huo hakuna atakayekunyang'anya." Nilishukuru, lakini bado sipiti mbele ya shule, kwa sababu watoto wale kumi na wawili walinipa jina siku ile ile, na kufikia magharibi kijiji kizima kilikuwa kimelishika. Wananiita Mpaka Mwisho. Nikinunua unga, "Mpaka Mwisho, kilo ngapi?" Famau huliita kutoka kwenye pikipiki, kwa nguvu, na nimemwachia, maana vikombe vyake vilikuwa vingi.

Watu walipokwisha kuondoka nilimwomba Mwanaidi msamaha. Nilikuwa nimeutengeneza mrefu. Hakunipa nafasi ya kuumaliza. Alikuwa akikunja nguo alizozitoa mkobani, akasema, "Haidhuru, Kaka. Wale walikuwa wamechoka kusimama. Sasa tutaanza nao sote tangu mwanzo, na wewe utajua walipopita."

Basi hivyo ndivyo ilivyokuwa. Nimejiapiza mambo mawili: sitasema tena "ni mimi" kwa kitu kilichopita tu mkononi mwangu, na sitajibu ndiyo kwa swali ambalo sijalisoma. La pili ni rahisi.

Mlango wa mbao umeshawekwa. Jumamosi asubuhi karai haiwashwi mpaka saa nne, wateja wamelalamika wamezoea. Tunakaa mkekani, yeye ni mtoto mdogo na mimi ni kaka (alinipangia yeye), na kwenye daraja la pili, ambapo kaka hutakiwa kumshika mkono mdogo wake wavuke, mimi bado nasukuma kushoto ninapotaka kulia. Nimemwangusha majini mara nyingi kuliko ninavyopenda kuhesabu. Kila akianguka husema, "Tena," na hunisogezea kidole changu mahali pake.

Mfungo Tatu unakaribia na mnara hata hatujauona. Kadi zote sasa zina jina lake, kwa mwandiko wangu. Ile ya watu wawili nilitaka kuitoa ukutani, kwa kuwa kila nikiingia na sahani ya viazi inanitazama. Mwanaidi akanikataza.

"Iache hapo," akasema. "Hatujafika."